Unga, pombe na akili iliyochoka: mwanamke aanzie mlango upi?

"Dada, nimemfungia chumbani na funguo ninayo mimi. Nimpeleke soba au nimpeleke methadoni?"

Mama aliyenipigia ni wa Tandale, Dar es Salaam, na saa ilikuwa inakaribia sita usiku. Binti yake wakati huo alikuwa na miaka 24, yuko kwenye unga, yaani heroini, mwaka wa tano, na ana mimba ya miezi minne. Ndugu walishakaa kikao na kuchangishana, na pesa ya miezi mitatu ya nyumba ya upataji nafuu ilikuwa imepatikana. Nilimwomba mambo mawili: afungue mlango, na asilipe kwanza.

Simu za namna hii nimezipokea nyingi tangu mdogo wangu alipopita njia hiyohiyo. Ninachokiona kila mara ni kwamba familia inachagua matibabu kama inavyochagua shule ya bweni: palipo mbali, penye geti, pasipoonekana na majirani. Kwa mwanamke anayetumia unga, kigezo hicho ndicho kinachotupotezea watu. Kwa hiyo nitalinganisha milango minne iliyopo, yaani kliniki ya methadoni, nyumba ya upataji nafuu (wengi tunasema soba), wodi au kliniki ya afya ya akili hospitalini, na kituo cha mtaani. Nitaipima kwa mambo yanayomgusa mwanamke: mtoto wake analala wapi, mimba yake inalindwaje, usiku nani anashika mlango, na kesho asubuhi atafikaje tena.

Methadoni

Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Ni ya ukoo mmoja na heroini, ila inaingia mwilini taratibu, inatoka taratibu, na dozi moja inamtosha mtu siku nzima. Akishafikia dozi inayomfaa hapati stimu, na arosto inakatika: ile miayo, machozi na makamasi, tumbo kuharisha, mifupa kuuma, jasho na baridi kwa wakati mmoja. Asubuhi yake haianzi tena kwa kuwaza pesa ya kete, yaani kipakiti cha unga.

Wengi husema, "Mnamtoa kwenye unga mnamtia kwenye unga mwingine." Naelewa wanakotoka, kwa sababu hata mimi nilisema hivyo. Nilinyamaza nilipoona mdogo wangu amekaa kitako na kula sahani nzima ya wali bila kuinuka, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka minne.

Tanzania Bara ilianza huduma hii Hospitali ya Taifa Muhimbili, Februari 2011. Ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na mwaka 2015 Zanzibar wakafungua kliniki yao Kidongo Chekundu. Leo ipo pia Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na kwingineko. Wenzetu wa Kenya walianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata wakafungua Malindi na Kisauni, Mombasa. Katika kliniki hizi za serikali dawa ni bure, pande zote mbili za mpaka.

Sasa nikusogeze dirishani. Dirisha lina nondo na uwazi mdogo chini. Mhudumu anatazama kadi, anapima dozi, anasukuma kikombe kidogo cha plastiki. Mdogo wangu anakunywa. Kikombe kilekile kinatiwa maji, anakunywa tena, ili tone lolote lisibaki. Kisha mhudumu anamwambia, "Haya, niambie, umeamkaje?" Ni salamu, lakini pia ni kipimo, maana mtu aliyeficha dawa mdomoni hawezi kuijibu. Siku niliyokuwa nasindikiza nilihesabu foleni nyuma yake: wanaume kumi na tisa, na mwanamke mmoja aliyembeba mtoto mgongoni kwa khanga, kichwa chini muda wote.

Foleni hiyo inaeleza mengi. Miaka ya mwanzo pale Muhimbili wanawake hawakufika hata mmoja katika kila wateja kumi. Na si kwamba tatizo lao ni dogo. Tafiti za Dar es Salaam za miaka ya 2000 zilikuta maambukizi ya VVU kwa wanawake wanaojidunga ni karibu mara mbili ya wanaume wanaojidunga. Wanawake wapo, ila hawafiki dirishani. Walio wengi wanaishi na mwanaume ambaye naye anatumia, na mara nyingi ndiye anayeshika pesa na ndiye anayeamua nani atoke asubuhi. Wengine wanafanya kazi usiku kucha na kliniki inafunga mchana wakiwa bado wamelala. Wengine hawana pa kumwacha mtoto, na wanaogopa mtu wa ustawi wa jamii asije akamchukua.

Lakini wanaofanikiwa kufika hushika. Utafiti uliofuatilia wateja wa kwanza wa Muhimbili ulionyesha wanawake waliacha dawa kidogo kuliko wanaume. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba waliowahi kudhalilishwa kingono ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kukatisha. Yaweke hayo mawili pamoja utaelewa kwa nini napigania chumba cha ushauri chenye mshauri wa kike na mlango unaofungwa. Wapo wanaoona hilo ni anasa. Kwa mwanamke aliyebakwa maskani, yaani kijiweni wanapotumia unga, chumba hicho kinaweza kuamua kama atarudi kesho au hatarudi.

Kuna mambo manne juu ya methadoni ambayo mwanamke anapaswa kuyasikia mapema, na mara nyingi hayasikii.

La kwanza ni mimba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2014, linashauri mjamzito anayetegemea heroini apewe methadoni au dawa ya aina yake, wala asiachishwe ghafla. Arosto kali kwa mjamzito inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kumdhuru aliye tumboni. Mimba ikikua, dozi huenda ikahitaji kupandishwa. Hilo si kurudi nyuma: mwili umekuwa mkubwa na unaisafisha dawa haraka zaidi. Mtoto akizaliwa anaweza kupata arosto yake ndogo siku za mwanzo, akatetemeka, akalia sana na kunyonya kwa shida. Inatibika, na tiba yake ya kwanza ni kukaa kifuani kwa mama yake. Kunyonyesha kunaruhusiwa na kunashauriwa.

La pili ni hedhi. Unga husimamisha hedhi kwa wanawake wengi, nao wakajiona hawashiki mimba tena. Miezi michache ya methadoni na chakula, hedhi inarudi, wakati mwingine mimba inatangulia hata kabla hawajaiona. Muulize mhudumu habari za uzazi wa mpango siku ya kwanza, usingoje.

La tatu ni dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za zamani za VVU kama efavirenzi huishusha methadoni mwilini, na mtu akapata arosto ilhali kanywa dozi yake kamili. Akilalamika anaambiwa anadanganya. Hadanganyi. Waambie wapandishe dozi.

La nne ni hatari. Wiki mbili za mwanzo methadoni hujirundika mwilini, na ikichanganywa na pombe, valiamu au bugizi (vidonge vya kutuliza na kulaza) inaweza kumzimia mtu pumzi usingizini. Ndiyo sababu wanaanza na dozi ndogo. Usimlazimishe mhudumu aongeze haraka, na usifiche kwamba bado mtu wako anakunywa.

Ubaya wake mkubwa ni wa kila siku: kila siku, pamoja na Idi na Krismasi, nauli, jua, foleni, na maneno ya wanaume nyuma yako. Ukikosa siku tatu au zaidi dozi inashushwa, na ukikosa zaidi unaanza upya. Tangu korona ya 2020 baadhi ya kliniki zinawapa waliotulia dozi za kubeba nyumbani. Kama mwanamke ana mtoto mchanga au anaishi mbali, ulizia hilo kwa nguvu zote.

Soba

Soba ina wapenzi wengi, na ninajua kwa nini. Zanzibar nyumba hizi zilianza kushika kasi kuanzia 2009 hivi, zikiongozwa na watu waliokuwa kwenye unga wenyewe wakapata nafuu, kisha zikaenea Bara. Utaratibu wake mara nyingi ni wa Hatua Kumi na Mbili, mpango wa walevi kusaidiana kuacha: kuamka alfajiri, sala, usafi, mkutano, kazi, mkutano tena. Miezi mitatu hadi sita. Mtu anatoka kwenye maskani, analala, anakula, anasikilizwa na aliyepita palepale alipo yeye. Kwa kijana wa kiume asiye na mtoto wa kulea, ambaye ndugu zake wanaweza kulipa na ambaye atarudi kwenye kazi inayomsubiri, nimeona soba ikifanya kazi nzuri sana.

Kwa mwanamke mambo hubadilika. Nyumba za wanawake ni chache mno, na zilizopo mara nyingi hazipokei watoto. Mama wa mtoto wa mwaka mmoja anaambiwa achague kati ya kupona na kunyonyesha. Methadoni haimlazimishi kuchagua, anakwenda nayo kliniki na mtoto mgongoni. Kisha nyumba nyingi hazikubali mtu aliye kwenye methadoni. Kwao kupona ni kuacha kila kitu, na dawa ya hospitali wanaihesabu kuwa ulevi. Mjamzito akipelekwa huko anaweza kuachishwa kavukavu, jambo ambalo mwongozo wa kitabibu haulishauri.

Na kuna jambo ambalo hatuambiwi tunapolipa. Mwili uliokaa miezi mitatu bila unga umesahau unga. Kete aliyokuwa akivuta bila kutikisika kabla ya kuingia, inaweza kumuua wiki ya kwanza baada ya kutoka. Mdogo wangu tulimpeleka soba mara mbili. Mara ya pili alitoka amenenepa, anacheka, tukapika pilau. Siku ya nne alikutwa chooni nyuma ya maskani, midomo imekuwa ya buluu, anakoroma kwa kukatika. Dada mmoja waliyekuwa wakivuta naye zamani ndiye aliyemlaza chali, akamwinua kidevu na kumpulizia pumzi mdomoni hadi bajaji ilipofika. Dada huyo alifundishwa hilo kwenye kituo cha mtaani. Sisi ndugu, tuliokuwa na pesa na shule, hatukujua lolote.

Sisemi soba ni mbaya. Nasema kwa unga, na hasa kwa mwanamke mwenye mimba au mtoto, soba isiwe mlango wa kwanza. Kwa pombe iliyokwisha kutolewa mwilini hospitalini, au kwa bangi, inaweza kumfaa vizuri. Na kwa mwanamke anayekimbia mwanaume anayempiga, soba ya wanawake inampa kitu ambacho kliniki haina: kitanda mahali ambapo huyo mwanaume hapajui.

Kabla ya kulipa hata shilingi, nenda mwenyewe, mchana, bila kutoa taarifa. Uliza kama nyumba imesajiliwa. Bara, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ndiyo inayosimamia eneo hili, na Kenya vituo vinapata idhini ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Uliza usiku nani analala upande wa wanawake, na kama ni mwanaume, ondoka. Uliza wanafanya nini mtu akipata degedege au akisema anataka kufa, na nesi wao ni nani, anakuja siku zipi. Uliza kama atapimwa mimba na VVU kabla ya kuingia, na kama ARV zake atazinywa humo bila kunyang'anywa. Uliza kama anaruhusiwa kupiga simu nyumbani bila mtu kusimama pembeni yake. Ukiona mnyororo, fimbo au chumba cha adhabu, huhitaji swali jingine.

Wodi na kliniki ya akili

Hapa familia huchelewa, kwa hofu ya neno "Mirembe". Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ipo tangu 1927, na kwa vizazi jina lake limetumika kutishia watoto. Mathari ya Nairobi ina umri mkubwa zaidi, na nayo imebeba mzigo huohuo wa jina. Lakini kuna wanawake ambao kwao wodi ndiyo mlango pekee salama, na kuwacheleweshea ni kuwaua.

Wa kwanza ni mlevi wa pombe wa kila siku. Arosto ya unga inatesa sana ila kwa mtu mwenye afya ni nadra kuua. Arosto ya pombe inaua. Tangu saa chache hadi siku ya tatu baada ya glasi ya mwisho mtu anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona wadudu ukutani, na hata kufa. Hali ni hiyohiyo kwa aliyezoea bugizi au valiamu kwa miezi mingi. Huyu hafungiwi chumbani, hapelekwi soba moja kwa moja, na haachishwi kwa maombi. Anahitaji siku kadhaa za hospitali, dawa za kumtuliza zinazoshushwa kidogokidogo, na vitamini B1 ya kuulinda ubongo.

Nawakumbuka hapa akina mama wanaopika gongo na wanaouza mnazi na busaa kule Pwani ya Kenya. Pombe ndiyo ada ya shule ya watoto wao, na ndiyo iliyowashika. Ukimwambia mama wa namna hiyo "acha pombe" bila kumwambia atauza nini, umemwambia watoto wake waache kula. Mshauri mzuri anaanza hapo.

Wa pili ni anayesikia sauti, anayejiona anafuatwa, au asiyelala siku tatu. Wa tatu ni mama aliyejifungua karibuni, hataki kumtazama mtoto, au anasema mtoto ana shetani. Hii ni dharura hata kama hajawahi kugusa kilevi. Wa nne ni anayesema anataka kujiua. Kwa huyu wa mwisho familia huogopa polisi, na si bila sababu, maana sheria zetu za kikoloni zililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Tanzania kifungu bado kipo vitabuni. Mpeleke hospitali hivyohivyo. Daktari anakutana na mgonjwa, na mgonjwa aliye hai ana kesho ya kuongea na wakili.

Udhaifu wa wodi ni kwamba inamtuliza mtu na kumruhusu, kisha inamrudisha kwenye nyumba ileile. Siku za kulazwa ni chache, dawa za kuendelea nazo wakati mwingine zinakosekana, na mwanamke akionekana anatumia unga, huzuni yake yote inaandikwa kuwa ni ya unga. Huzuni nyingi nilizoziona zilitangulia unga kwa miaka. Kwenye faili mwambie daktari aandike yote mawili. Uzuri ni kwamba kliniki nyingi za methadoni ziko ndani au karibu na idara za afya ya akili, kwa hiyo inawezekana kutibiwa vyote kwa nauli moja. Soba nyingi haziwezi hilo.

Kituo cha mtaani

Ni chumba au viwili, mara nyingi kwenye nyumba ya kupanga, kinachoendeshwa na asasi. Ndani kuna bafu, beseni la kufulia, mkeka, chai, kondomu, kipimo cha VVU, mtu wa kumsafisha kidonda, na wahudumu wa rika, yaani wanawake waliokuwa maskani. Médecins du Monde, shirika la madaktari la Ufaransa, walifungua kituo cha aina hii Temeke mwanzoni mwa miaka ya 2010. Pwani ya Kenya kuna asasi kongwe kama Reachout Mombasa, MEWA, na Omari Project ya Malindi. Baadhi hutoa sindano safi, jambo lililopigiwa kelele misikitini na makanisani lilipoanza Kenya. Nawaheshimu maimamu waliokubali baadaye kukaa na watoa huduma wakasikiliza hesabu za VVU, na wengine wao leo ndio wanaowaelekeza watu vituoni.

Kituo hakimwambii mwanamke aache kwanza ndipo aingie. Hilo ndilo linalowaudhi wazazi, na ndilo linalomvuta mwanamke ambaye hatavuka mlango wowote mwingine. Kwa anayeuza mwili, anayeishi barazani, aliyefukuzwa na ndugu, aliyetoka gerezani Segerea au Shimo la Tewa jana, mlinganisho wa soba na methadoni hauna maana bado. Kwanza aoge. Kwanza ajulikane jina. Na kwa utaratibu wetu njia ya kwenda methadoni mara nyingi inaanzia hapa: asasi inamwandikisha, anahudhuria vikao vya maandalizi, anapimwa kifua kikuu, VVU na homa ya ini, anatafutiwa mtu wa kumsindikiza, ndipo kliniki inampokea. Kwa hiyo usikiruke.

Udhaifu wake ni fedha. Vingi vinategemea wafadhili wa nje, na Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025 vingi vilipunguza siku au kufunga. Kabla ya kumtuma mtu, mpigie simu mhudumu wa rika ujue mlango uko wazi leo.

Dua na maombi

Sheikh, mchungaji na kikundi cha akina mama wana nafasi, hasa baadaye, mwanamke anapohitaji watu wa kumrudisha katika jamii. Ila asifungwe kamba, asifungishwe saumu akiwa kwenye arosto maana mwili unapoteza maji mengi, na asiambiwe aache ARV au methadoni kuonyesha imani. Penye mojawapo ya hayo, mtoe.

Nikipigiwa simu, najibu hivi

Anatumia unga na ana mimba: kliniki ya wajawazito wiki hiihii, kituo cha mtaani siku hiyohiyo, methadoni haraka iwezekanavyo. Ukienda kliniki ya methadoni taja mimba dirishani kabla ya kutaja jina. Mjamzito anastahili kupitishwa mbele.

Anatumia unga na ana mtoto mdogo: methadoni. Pesa mliyochangia iwe nauli na chakula.

Anatumia unga pamoja na pombe au bugizi: methadoni bado ni sahihi, ila aanze kwa daktari anayejua yote matatu, ikiwezekana kwa kulazwa siku chache. Huyu ndiye ninayemwogopea zaidi.

Pombe peke yake, kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka: hospitali kwanza, soba baadaye kama ipo nzuri na mtoto ana pa kukaa.

Amekata tamaa, hali chakula, hapati usingizi, hatumii kilevi chochote: kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au mkoa. Usimpeleke soba hata kama kuna nafasi ya bure. Nimekuta wanawake wawili wenye huzuni ya uzazi wamewekwa humo, wakihimizwa kukiri ulevi ambao hawakuwahi kuwa nao.

Anapigwa nyumbani: usalama kwanza, matibabu yafuate. Tanzania nenda dawati la jinsia kituo cha polisi au kituo cha mkono kwa mkono hospitalini, Kenya piga 1195. Kwa ushauri wa ulevi Kenya, NACADA wana 1192, bure.

Ametoka soba, gerezani au wodini siku chache zilizopita na anarudi kwenye unga: msilaumiane leo. Asitumie peke yake, asianze na kiasi cha zamani, na mtu wa karibu ajifunze kupuliza pumzi. Ulizia dawa ya naloksoni kwenye kituo au kliniki, ndiyo inayomrudisha mtu aliyezimika.

Siku ya kwanza ya kliniki beba kadi ya wajawazito au ya mtoto, majina ya dawa zote anazokunywa, maji, kitu cha kula, na mtu mmoja wa familia asiyependa kugomba. Kitambulisho kikiwepo ni vizuri, na kama aliuza au kupoteza, barua ya mjumbe au ya asasi husaidia. Nenda mapema. Vaeni nguo za kawaida tu.

Yule mama wa Tandale alifungua mlango usiku uleule. Asubuhi binti alitoka, akaenda alikokwenda, na mama akalia akijua ndiyo basi. Jioni alirudi, akamkuta mama amemwekea uji. Walikwenda kliniki ya wajawazito siku ya tatu, wakaanza vikao vya asasi wiki iliyofuata, na mwezi haukuisha kabla hajapokea kikombe chake cha kwanza dirishani. Pesa ya kikao cha ndugu bado ipo kwenye kopo la maziwa. Kila asubuhi mama anatoa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na sasa anajifunza kutoa ya wawili na nusu, maana mtoto anatambaa na hakubali tena kukaa mgongoni.